Maziwa hayazuii moshi wa kuchomea vyuma

UKIPITA Gerezani, jijini Dar es Salaam, au kwenye mitaa ya viwanda vidogo ya SIDO mikoani, utawakuta mafundi wakichomea mageti, mikokoteni na mashine za kupukuchua mahindi. Wengi wana miwani nyeusi, wachache wana ngao ya uso. Kinga ya mapafu ndiyo adimu. Badala yake, jioni fundi hununua nusu lita ya maziwa akiamini yatamsafisha kifua.

Maziwa ni chakula kizuri, na mfugaji hatalalamika yakinunuliwa. Lakini yanakwenda tumboni, wakati moshi umeshaingia kwenye mapafu.

Mwaka 2017, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC), lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), liliuweka moshi huo katika kundi la kwanza, yaani la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Februari 2019, mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza ikatangaza kuwa hata anayechomea chuma cha kawaida ndani ya jengo anahitaji mtambo wa kuvuta moshi pale pale unapotokea. Kufungua milango na madirisha peke yake hakutoshi.

Kwa karakana isiyo na mtambo huo, mojawapo ya kinga bora zinazouzwa ni ngao ya uso yenye feni. Feni hiyo hutumia betri na hufungwa kiunoni kwa mkanda. Huvuta hewa kupitia kwenye kichujio na kuisukuma kwa bomba laini hadi ndani ya ngao. Kwa kuwa hewa inasukumwa kutoka ndani kwenda nje, moshi haupati upenyo wa kuingilia. Fundi hapumui kwa shida, joto usoni linapungua, na hata mwenye ndevu anakingwa, tofauti na barakoa ya kubana ambayo huvuja ikikutana na ndevu.

Tatizo ni bei. Seti za kampuni zenye jina huweza kuzidi dola 1,000 za Marekani. Tuseme imenunuliwa kwa dola 1,200 na itafanya kazi miaka mitano, siku 300 kila mwaka. Hiyo ni senti 80 za dola kwa siku, kabla ya kuhesabu vichujio na betri ya kubadilisha. Kwa mwenye kazi za kila siku, gharama hiyo inaweza kuingizwa kwenye bei anayompa mteja. Kwa anayechomea geti moja kwa wiki, ni mzigo.

Mnunuzi aulize bei ya kichujio kabla ya bei ya mtambo. Mtambo wa bei poa ambao vichujio vyake havipatikani nchini utageuka pambo la ukutani. Kisha atazame alama. Kwa vifaa vya kiwango cha Ulaya cha EN 12941, TH3 ina kinga kubwa kuliko TH2. Betri nayo imalize siku nzima ya kazi, hasa pale umeme unapokatika mara kwa mara.

Hata hivyo, si kila karakana inahitaji feni. Anayechomea chuma cha kawaida nje, kwa saa chache, anaweza kuanza na nusu-barakoa ya mpira yenye vichujio vya P3 au P100, mradi awe amenyoa na asiinamie moshi. Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali iliyobaki tangu wakati wa UVIKO-19 haifai.

Mabomba ya mabati yana balaa lake. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe, na saa chache baadaye fundi hupata homa, baridi, maumivu ya mwili na ladha ya chuma mdomoni. Hali hiyo huisha kwa siku moja au mbili, hivyo ni rahisi kuidhania malaria na kununua dawa bure. Zinki iondolewe kwanza kwa grainda pale panapounganishwa, barakoa ikiwa imevaliwa.

Anayetengeneza matangi ya maziwa au vifaa vya hoteli kwa chuma kisichoshika kutu ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kununua feni, kwani moshi wake una kromiamu na nikeli. Lakini asiingie nayo ndani ya tangi. Kichujio cha vumbi hakitengenezi oksijeni wala hakizuii gesi, na gesi ya agoni ikijaa humo fundi anaweza kuzimia na kufa bila kusikia harufu yoyote.

Kwa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kinga. Asimwachie kijana wa kazi ajinunulie.

Baada ya kununua, cheche za grainda zisielekezwe kwenye kichujio, maana zinakitoboa. Kikijaa vumbi kisipulizwe kwa kompresa. Kitaonekana kisafi kwa macho, lakini nyuzi zake zitakuwa zimeachana na moshi utapita. Kibadilishwe.