Nyanya za Gisenyi hazisubiri mpaka

Soko la Gisenyi, wilayani Rubavu, hulisha pia mji jirani wa Goma, Kongo. Viazi mviringo, karoti na kabichi kutoka ardhi ya volkano huvushwa kwa miguu, hasa na akina mama, kupitia mpaka mdogo wa Petite Barrière.

Faida yao hutegemea saa za mpaka. Viazi na vitunguu huweza kulala. Nyanya na mboga za majani zikichelewa huuzwa kwa hasara.

Machi 2020, Covid-19 ilipozuia watu kuvuka, malori ya mizigo yaliendelea kupita. Wachuuzi wakachanga nauli, wakapakia pamoja. Kwa hiyo mnunuzi aulize kwanza saa ya kufunga mpaka, ndipo achague bidhaa.