Maumivu ya mishipa ya fahamu: nani anapona, na kwa muda gani?

Kasongo na Kabambare, mwenye maumivu ya mishipa ya fahamu anayaeleza karibu kila mara kwa maneno yaleyale: inawaka, inachoma, inakufa ganzi. Usiku ndiyo inazidi. Amekunywa parasetamoli, amekunywa ibuprofeni, bado. Hapo jirani anaanza kunong'ona eti "huyu amekanyaga kitu", na familia inatafuta pesa ya mganga wa kienyeji. Miezi inapita hivyo, na kwa ugonjwa huu miezi ndiyo mali.

Mishipa ya fahamu, yaani neva, ndiyo inapeleka habari kutoka ngozi na nyama hadi kwenye ubongo. Ikiumia, inatuma habari ya uongo: mguu hauna kidonda, lakini ubongo unaambiwa kuna moto. Ndiyo maana dawa za kichwa na za homa hazisaidii sana. Neva inaweza kuota tena, ila kwa mwendo wa kinyonga, karibu milimita 1 kwa siku. Kutoka kiwiko mpaka vidole ni mwaka na zaidi. Kutoka tako mpaka mguu ni miaka 2 na zaidi, kama bado kuna njia ya kupitia.

Basi, kupona kunategemea kitu kilichoumiza. Wanaosukuma baiskeli zenye mafuta ya mawese na mchele, au wanaochimba dhahabu upande wa Salamabila, wanajua maumivu yanayotoka kiunoni na kushuka mguuni. Hao wana bahati: wengi wanapata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kupasuliwa, wakiendelea kutembea polepole kuliko kulala kitandani. Lakini miguu yote miwili ikilegea, au mkojo ukikataa kutoka ama ukatoka wenyewe, ni hospitali siku hiyohiyo.

Kuna jeraha lingine ambalo watu hawalisemi sana: sindano ya tako. Neva kubwa ya mguu inapita hapohapo, na kwinini ikiingia karibu yake mguu unashtuka kama umeme, halafu unyayo unashindwa kuinuka. Wengine wanarudia hali yao baada ya miezi, wengine wanabaki wakiburuta mguu. Mzazi ana haki ya kuuliza kama malaria ya mtoto inaweza kutibiwa kwa vidonge, na kama sindano ni lazima, kama inaweza kupigwa pajani.

Ukoma ndio unaoonyesha vizuri zaidi thamani ya wakati. Dawa yake ni ya bure na inachukua miezi 6 au 12. Inaua kijidudu, lakini haifufui neva iliyokwisha kuungua. Mkono au mguu ukianza kulegea na mgonjwa akafika mbele ya miezi 6, prednisoloni inaweza kurudisha nguvu nyingi. Baada ya hapo nafasi inapungua sana. Wako watu waliomaliza dawa, wamepona ukoma kabisa, na bado wanaumwa miaka baadaye. Hiyo haimaanishi ugonjwa umerudi, wala jirani asiwakimbie.

Anayekunywa dawa za kifua kikuu na kusikia miguu inawaka asiache dawa. Isoniazidi inajulikana kwa hilo, na vitamini B6 inasaidia, hasa ikianzwa mapema. Kwa mwenye sukari, neva mara nyingi hazirudi, lakini sukari ikishuka uharibifu unapunguza mwendo.

Na maumivu yenyewe? Amitriptilini kidogo usiku, au karbamazepini, hutolewa na munganga, siyo na muuzaji wa kando ya njia. Inahitaji wiki kadhaa, inaleta usingizi na kukausha mdomo. Ukweli usifichwe: katika watu 4 au 5 wanaopewa amitriptilini, mmoja tu anapata nafuu ya nusu au zaidi ambayo asingeipata bila hiyo dawa. Ni nafuu, siyo muujiza. Lakini kulala usiku mzima baada ya mwaka wa kukesha si kitu kidogo.

Kupima hakuanzi na mashine. Miaka ya 1970 na 1980 Kasongo ilijulikana na wanganga wa mbali kwa mradi uliofanywa pamoja na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, ambao uliweka kituo cha afya karibu na watu kama mlango wa kwanza. Mlango huo unatosha hapa pia. Mwuguzi anafumbisha mgonjwa macho, anagusa kiganja kwa ncha ya bic, anapapasa neva ya kiwiko, anaomba mguu uinuliwe, anapima sukari kama vipimo vipo. Mgonjwa aje na tarehe ambayo ganzi ilianza, na maganda ya dawa zote alizokunywa. Mizizi pia aitaje, bila haya.