Kuua kwa Haja na Kuua kwa Mchezo

Mwaka jana, katika mwezi wa Shaaban, tulipokea barua kwa njia ya simu kutoka kwa kijana mmoja wa ukoo wetu anayefanya kazi Marekani. Kijana huyo alizaliwa hapa Sibwesa, akasoma kwetu Juzuu Amma akiwa mdogo, na mpaka leo hutuita Baba Mdogo, ingawa ndevu zake zimekwisha kuanza kuingia mvi. Baada ya salamu alitueleza kwamba wenzake wa kazini wamemwalika katika safari ya siku tatu, kwenda kupiga bunduki katika mbuga za nyasi zilizo katikati ya nchi ile.

Windo lao si swala wala paa. Ni mnyama mdogo wa jamii ya kindi, anayeishi ardhini katika mashimo, makundi kwa makundi, kama watu wa kijiji kimoja. Wamarekani humwita mbwa wa mbugani kwa sababu ya mlio wake wa kubweka anapowaonya wenzake. Wapigaji huweka meza mahali pa wazi, wakaegemeza juu yake bunduki zenye darubini, wakawapiga wanyama hao wakiwa mbali, mita mia mbili, mia tatu na hata zaidi. Kila mmoja huhesabu aliowapata. Nyama yake hawaili, ngozi yake hawaichukui, na mzoga huachwa pale pale ulipoanguka. Mwenye shamba huridhika, kwa kuwa mnyama yule hula majani ya ng'ombe wake na kutoboa ardhi yake mashimo.

Kijana wetu akamaliza kwa swali: "Baba Mdogo, mbona naona ni sawa na sisi tulivyokuwa tukipiga nyani nyumbani? Niende au nisiende?"

Hatukumjibu siku ile, wala siku ya pili. Jibu lenyewe halikuwa gumu. Lakini swali lake lilifukua jambo letu wenyewe ambalo tulikuwa hatujamsimulia mtu yeyote, isipokuwa mama watoto wetu.

Kwanza na tueleze haja ilivyo, ili ndugu zetu wa mijini wasidhani kwamba nyani ni mnyama wa kuchekwa tu. Katika vijiji vyetu vya Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi, mkulima wa mahindi ana maadui wa zamu mbili. Mchana huja nyani na tumbili, usiku huja nguruwe mwitu. Nyani huja na hesabu zake. Mkubwa mmoja hukaa juu ya mti akatazama. Akiona mlinzi ni mwanamume mwenye kitu mkononi husubiri. Akiona ni mwanamke au mtoto huteremka na jamaa zake bila ya haya. Hali hindi moja akashiba. Huvunja hili akauma mara moja, akalitupa, akavunja la pili. Naye nguruwe hufukua muhogo na karanga, na alipopita usiku, asubuhi utadhani watu wamelima kwa hasira.

Ndiyo maana kila shamba huwa na dungu, na juu ya dungu hukaa mtu tangu mahindi yanapoanza kubeba mpaka yanapovunwa. Aghalabu mtu huyo ni mtoto. Sisi walimu wa madrasa tunaijua vizuri miezi hiyo, kwani mikeka yetu huwa mitupu. Mtoto aliyekwisha kufika Suratul-Mulk hurudi baada ya mavuno amesahau hata harakati za Suratul-Fajri. Tumewahi kuwafuata baadhi yao huko huko madunguni na ubao mkononi, tukasomeshana huku debe likipigwa. Serikali ilitunga kanuni mwaka 2011 za kuwapa kifuta jasho wale wanaoharibiwa mazao na wanyama hatari, kama tembo, na hilo ni jema; walakini msimu uliopotea haurudi kwa fedha.

Basi hapana shaka kwamba mkulima ana haki ya kulinda jasho lake. Dini yetu haikumwacha bila ya njia. Bibi Aisha (r.a.) amepokea kutoka kwa Bwana Mtume (s.a.w.), katika hadithi waliyoitoa Bukhari na Muslim, kwamba wako waharibifu watano wanaouawa hata katika eneo takatifu la Makka, nao ni kunguru, mwewe, nge, panya na mbwa mkali. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafi wakafahamu kwamba sababu ni madhara, na kila mnyama mwenye kudhuru mfano wa hao hukumu yake ni ile ile. Ama mnyama asiyekuwa na dhara lolote, wamesema kumwua ni karaha. Hata mbwa, ambaye tumekatazwa kumfuga bure, ameruhusiwa kwa kazi tatu: kuwinda, kuchunga na kulinda shamba. (Na hapa tuwakumbushe vijana wetu jambo wanalolisahau: anayemburura nguruwe aliyeuawa shambani kwa mikono iliyolowa, au mzoga ukiwa na majimaji, ataosha mara saba, moja kwa udongo, kabla ya kugusa chombo cha mama yake.)

Lakini ruhusa ile imefungwa kwa adabu. Shaddad bin Aus (r.a.) amepokea kwamba Mwenyezi Mungu ameandika wema juu ya kila kitu, hata katika kuua, mtu akiua, aue kwa namna iliyo njema. Tazameni mjusi kafiri, ambaye watoto wetu humfukuza ukutani kwa fimbo na kandambili. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba mwenye kumwua kwa pigo moja huandikiwa mema mia, na kwa pigo la pili hupungua, na la tatu hupungua zaidi. Tuliwauliza wanafunzi wetu kwa nini thawabu ipungue hali mjusi ni yule yule na kifo ni kile kile. Msichana mmoja mdogo akajibu kwamba mjusi ameumia mara nyingi zaidi. Hatukuwa na la kuongeza.

Sasa tusimulie la kwetu.

Ilikuwa mwaka 1994, wakati Sibwesa ingali katika Wilaya ya Mpanda na Mkoa wa Rukwa, kwani Mkoa wa Katavi haukuwako mpaka mwaka 2012. Tulikuwa vijana wanne, na mmoja wetu aliazimwa gobore la mzee wake, lililokuwa na kibali cha kulindia mazao. Msimu ule tulifanya kazi njema. Tulikesha mashambani mwa wajane na wazee, tukapiga nguruwe na nyani wachache, na waliobaki wakajifunza kukaa mbali. Watu walituombea dua. Nasi dua zile zikatulevya.

Mahindi yalipokwisha kuingia ghalani, mikono yetu ilikuwa haijashiba. Nyasi zilikuwa zimekwisha kuchomwa, na katika mbuga iliyo wazi, mwendo wa saa mbili kutoka kijijini, mnyama alionekana toka mbali kama doa juu ya mkeka. Tukatoka baada ya sala ya Alfajiri na baruti ya kutosha. Hapakuwa na shamba huko, wala hapakuwa na njia ya shamba. Tuliwakuta nyani wameketi katika jivu, wanachokoa mizizi, na watoto wao wanacheza. Tukawekeana sharti kwamba atakayekosa atabeba gobore wakati wa kurudi. Tukapiga kwa zamu, tukicheka.

Zamu yetu ilipofika, tulimlenga mmoja aliyeinuka kukimbia. Alianguka, akainuka, akaenda kwa mikono miwili na mguu mmoja mpaka kwenye korongo, akapotea. Mtoto alikuwa amemng'ang'ania tumboni, nasi hatukumwona mpaka baada ya moshi kupungua. Mwenzetu mmoja akasema tumfuate. Tukamjibu kwamba jua kali, naye atakufa mwenyewe. Maneno hayo ni ya kinywa chetu, hatumsingizii mtu.

Jioni tulimkuta mwalimu wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, ameketi barazani anashona mkeka. Alisikia habari kutoka kwa watoto waliotupokea kwa shangwe. Hakutukaripia. Aliuliza tu, bila ya kuinua uso: "Shamba la nani mlikuwa mkililinda?"

Tukanyamaza. Akauliza la pili: "Yule aliyejeruhiwa amekufa?" Tukasema hatujui. Akasema, "Kesho mtakwenda kujua."

Usiku ule, baada ya Isha, alitusomea habari ya Ibn Umar (r.a.) alipowapita vijana wa Kikureshi waliomfunga ndege wakamfanya shabaha. Walikuwa wamepatana na mwenye ndege kwamba kila mshale utakaokosa ni wake. Walipomwona Ibn Umar wakatawanyika, naye akasema kwamba Bwana Mtume (s.a.w.) amemlaani mwenye kukifanya kitu chenye roho kuwa shabaha. Kisha akatueleza ya Nabii mmojawapo aliyeumwa na chungu chini ya mti, akaamuru kichuguu kizima kichomwe, na Mwenyezi Mungu akamlaumu kwa kuangamiza umma unaomsabihi kwa sababu ya chungu mmoja. Tulikuwa tumezisoma hadithi zote mbili. Tulizijua pamoja na wapokezi wake.

Kulipokucha tukarudi mbugani. Tulimkuta korongoni, hai. Alikuwa amejaza majani makavu katika jeraha lake kwa mkono wake mwenyewe. Mtoto alikuwa angali ananyonya. Mwenzetu alimmaliza kwa pigo moja, maana sisi mkono wetu haukutulia, na mtoto tulimwacha juu ya jiwe, kwani wenzao walikuwa wakitazama kutoka mtini. Ikiwa walimchukua au hawakumchukua, hatujui mpaka leo. Gobore tulilibeba sisi.

Haya ndiyo tuliyomwandikia kijana wetu, pamoja na majibu ya swali lake. Tulimwambia kwamba mwenye shamba wa Marekani, ikiwa kweli ng'ombe wake wanakosa majani, ana haki kama yetu, na hatuna ruhusa ya kumcheka mtu kwa dhara tusiloliona. Walakini wale wanaotoka miji ya mbali, wakagharimia nauli na risasi ili wahesabu vifo, wasiojua shamba ni la nani wala majani yamepungua kwa kiasi gani, hao wanafanana na sisi wa mwaka 1994, si na mama anayepiga debe juu ya dungu. Na akitaka kujua haja na mchezo vinaachana wapi, atazame huzuni na furaha ya mpigaji siku wanyama wanapoadimika. Mkulima hushukuru. Mchezaji hutafuta mbuga nyingine.

Tukamwongezea jambo tulilolisoma, nalo ni la kweli. Huko Marekani yuko kicheche mwenye miguu myeusi, ambaye chakula chake takriban chote ni mnyama yule wa mashimo. Wanyama wa mashimo walipopunguzwa kwa sumu na kwa kulimwa ardhi yao, vicheche nao wakatoweka, na watu wakadhani wamekwisha duniani. Mwaka 1981 mbwa wa shamba moja karibu na mji mdogo wa Meeteetse, katika jimbo la Wyoming, akaleta nyumbani kicheche mmoja aliyekufa, na hapo wataalamu wakatambua kwamba wako waliosalia. Kufikia mwaka 1987 waliobaki walikuwa 18 tu, wakakamatwa wote ili wazalishwe, na waliopo leo wametokana na hao. Isitoshe, mizoga inayoachwa mbugani ina vipande vya risasi, na tai anayeila huingiwa na sumu ya madini yake. Mwenye kuhesabu aliowaua kwa darubini yake hakuwahesabu hawa.

Kijana wetu alijibu baada ya wiki moja. Aliwaambia wenzake kwamba hataingia katika upigaji, nao hawakukasirika. Mmoja wao alikiri kwamba mkewe humwuliza swali kama la mwalimu wetu. Kisha akaandika: "Lakini Baba Mdogo, hapa ninapokaa pana panya. Mwenye nyumba ametuletea karatasi zenye gundi. Panya hunasa usiku, akalia mpaka asubuhi, na wakati mwingine nikirudi kazini jioni bado yu hai. Panya si katika wale watano?"

Tulimsomea mama watoto barua hiyo kwa sauti. Alinyamaza kidogo, kisha akainuka, akaenda stoo, akarudi na karatasi ya gundi aliyoinunua gulioni mwezi uliopita, mpya, haijafunguliwa. Ya kwanza ilikuwa imekwisha kutumika, nasi usiku ule tulikuwa tumesikia kilio tukavuta shuka juu ya kichwa. Akaiweka mbele yetu juu ya mkeka, kando ya msahafu uliokuwa juu ya marufaa.

Tukamwandikia kijana wetu usiku ule ule kwamba panya ni katika watano, na auawe, lakini kwa mtego wa chuma unaokata mara moja. Na ikiwa mmoja amekwisha kunasa katika gundi, asimwache akaenda kazini. Siku ya gulio tulinunua mitego miwili. Bei yake ilizidi ya gundi, na muuzaji alishangaa tulipoijaribu kwanza kwa kijiti mara tatu kabla ya kulipa.