Joto la Oili kwenye Pikipiki za Shelly Beach

Injini ya pikipiki hugeuza kuwa mwendo takriban robo tu ya nishati iliyomo ndani ya petroli. Inayobaki ni joto. Sehemu kubwa ya joto hilo hutoka na moshi kupitia ekzosi, na jingine huingia kwenye chuma cha silinda, pistoni na kichwa cha injini, ambako lazima liondolewe kila sekunde. Pikipiki nyingi zinazobeba abiria kati ya kivuko cha Likoni mjini Mombasa na Shelly Beach, zikiwemo Boxer za Bajaj na HLX za TVS, hazina maji ya kupoza wala rejeta. Kazi ya kupoza imeachiwa viwili: upepo unaopita kati ya mapezi ya silinda, na oili.

Oili hufika mahali ambapo upepo hauwezi kufika. Pampu huivuta kutoka chini ya injini na kuisukuma hadi kwenye kranki na kamshafti, na nyingine hurushwa ndani ya silinda na chini ya pistoni. Huko huchukua joto, hutiririka kurudi chini, na kulikabidhi kwa ganda la injini ambalo hulitoa hewani. Katika pikipiki ya ukubwa wa Boxer oili yote ni lita moja na kidogo, na hiyo hiyo ndiyo inayolainisha gia na klachi. Dereva anayepanda mwinuko wa kivuko akiwa na abiria na mizigo, huku ameishikilia klachi nusu, huongeza joto la msuguano wa klachi juu ya joto la silinda, na yote mawili huingia kwenye lita hiyo moja.

Kuna injini zilizotengenezwa zipozwe hasa na oili. Mwaka 1985 Suzuki ilitoa GSX-R750, ambayo wahandisi wake, wakiongozwa na Etsuo Yokouchi, waliacha maji ili kupunguza uzito. Oili ilirushwa kwa nguvu chini ya pistoni na juu ya chemba za mwako, kisha ikapitishwa kwenye rejeta kubwa ya oili mbele ya injini. Mwaka 1993 BMW nayo ilileta R1100RS, ambayo vichwa vya silinda zake vilipozwa kwa oili na hewa. Tofauti ya injini hizo na ile ya bodaboda ni kwamba zina rejeta ya kutoa joto. Kwa bodaboda, rejeta ni ganda la injini lenyewe.

Joto la oili lina mipaka pande zote mbili. Injini ikishapata moto, oili hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 80 na 110 za Selsiasi. Chini ya hapo maji yanayozalishwa na mwako hayakauki. Hujichanganya na oili na kuacha utando wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha kujazia. Pikipiki inayofanya safari za dakika mbili tatu tu, kisha ikazimwa, hupata tatizo hili hata katika mji wa joto kama Mombasa. Juu ya nyuzi 130 oili ya kawaida ya madini huanza kuoza haraka kwa kuungana na oksijeni. Kwa kukadiria, kila ongezeko la nyuzi 10 huongeza kasi ya kuoza mara mbili. Oili iliyooza huwa nyeusi, hunuka kuungua, na huacha masizi magumu kwenye mitaro ya ringi.

Mnato nao hushuka. Oili ya 20W-50, inayotumika sana kwenye bodaboda, ikifika nyuzi 100 hubaki na takriban sehemu moja ya tisa tu ya mnato iliokuwa nao kwenye nyuzi 40. Ikizidi hapo, utando unaotenganisha chuma na chuma hupungua unene, na injini huanza kula ringi na kamshafti taratibu bila dereva kujua.

Jua la Pwani hulaumiwa zaidi ya haki yake. Oili hupanda juu ya joto la hewa kwa kiwango kinachotegemea kazi ya injini na nguvu ya upepo. Siku ya Machi yenye nyuzi 33 ikilinganishwa na siku ya Julai yenye 27, oili huongezeka nyuzi 6 hivi tu. Pikipiki inayojikokota kwenye msongamano wa kivukoni hukosa upepo wa mwendo kabisa, na hilo huweza kuongeza makumi ya nyuzi. Pikipiki hiyo hiyo ikielekea Ukunda kwa mwendo wa wastani hupoa, ingawa injini inafanya kazi zaidi.

Bahari ina mchango wake pia. Upepo wa kusi na wa kaskazi hubeba chumvi ambayo hula aluminiamu ya mapezi na miunganisho ya nyaya. Mchanga na tope la barabara za ndani za Shelly Beach hugandamana kati ya mapezi, hasa pale oili inapovuja kidogo. Aluminiamu hupitisha joto zaidi ya mara mia moja kuliko udongo mkavu, kwa hiyo tabaka jembamba la tope hufanya kazi ya blanketi.

Kupima joto hilo si jambo gumu. Njia nyepesi ni kuondoa kifuniko cha kujazia oili na kuweka chenye kipimajoto, mradi nyuzi za skrubu zilingane. Nyingine ni kihisi kinachofungwa kwenye tundu la bolti ya kumwagia oili. Ukinzani wake wa umeme hushuka joto linapopanda, na kioo kidogo kwenye usukani huonyesha namba. Fundi mwenye wateja wengi anaweza kutumia kipimajoto cha kuelekeza cha viwandani. Kile cha kupimia homa hakifai, kwa kuwa huishia nyuzi arobaini na kidogo. Aluminiamu inayong'aa hukidanganya hicho cha viwandani kisome chini ya ukweli. Dawa yake ni kubandika kipande cha tepu nyeusi inayostahimili joto chini ya ganda la injini, na kulenga hapo kila mara. Namba itakayoonekana itakuwa chini kidogo ya joto la oili yenyewe.

Baadhi ya pikipiki zenye rejeta ya oili hujirekebisha kwa themostati. Ndani yake kuna nta ambayo huyeyuka na kutanuka ikifika joto lililopangwa, mara nyingi kati ya nyuzi 80 na 90, na kusukuma vali inayopeleka oili kwenye rejeta. Rejeta iliyoongezwa na fundi bila themostati huweza kuipoza oili kupita kiasi kwenye mvua na mwendo mrefu, na kila kiungo cha bomba kilichoongezwa ni mahali papya pa kuvuja.

Kwa pikipiki isiyo na rejeta, kirekebishaji ni dereva. Kiasi cha oili kiangaliwe pikipiki ikiwa imesimama wima, injini imezimwa kwa dakika chache, kwa sababu robo lita ikipungua inayobaki hubeba mzigo wote. Oili iwe na alama ya JASO MA, ambayo huonyesha kwamba haitaitelezesha klachi, na imwagwe mapema kuliko kitabu kinavyosema ikiwa kazi ni ya msongamano. Mapezi yaoshwe kwa maji yasiyo na chumvi injini ikiwa imepoa, kwa kuwa maji baridi juu ya silinda ya moto huweza kupinda au kupasua chuma. Foleni ikisimama, injini izimwe. Nyuzi 130 zikifika, abiria ashushwe na pikipiki ipumzike, kwa kuwa gharama ya kungoja dakika kumi ni ndogo kuliko ya kufungua injini.