Kabla hujaishtaki hospitali, itake faili

Binti ya ndugu yangu anaishi Nakuru. Alijifungua kwa upasuaji. Wiki ya tatu mshono ukaanza kutoa usaha. Hospitali nyingine ilimfungua tena ikamtoa kipande cha shashi tumboni. Huku Mombasa wazee wakasema ni kadari, mtoto yu hai, tushukuru. Yeye akaniuliza: "Ami, nishtaki au ninyamaze?"

Nilimwambia kwanza aombe kwa barua nakala ya faili lake lote. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa haki hiyo. Bila faili, ni neno lake dhidi ya la daktari.

Jeraha kuoza si kosa peke yake. Huoza hata daktari akiwa mwangalifu. Mahakama hutaka kuona wajibu uliovunjwa, na kwamba uliumia kwa sababu hiyo, na kwa kawaida daktari mwingine hutoa ushahidi. Lakini shashi iliyosahauliwa tumboni, nani ataieleza?

Halafu muda, na hapa ndipo wengi hupotelea. Madai ya uzembe yana miaka 3. Dhidi ya serikali ni miezi 12 tu! Malalamiko pia hupelekwa Baraza la Madaktari, KMPDC, lenye uwezo wa kusimamisha leseni. Ila kulalamika huko si kufungua kesi, na miezi yaendelea kuhesabika.

Faili amelipata. Sehemu ya kuhesabia shashi haikujazwa. Mtoto ana miezi mitano, na Jumatatu mamake anaonana na wakili.