Kiberiti cha Ardhini Hutoka Wapi?

Katika mito ya mchanga ya Zombe, na pande nyingine za Kitui, huonekana vipande ving'aavyo kama dhahabu. Mtu akiokota jiwe la manjano aweza kudhani ni salfa, yaani kiberiti (hata kile cha kuwashia moto kilipata jina lake kwa madini haya), akauza mbuzi ili awalipe wachimbaji. Yafaa kwanza ajue salfa huzaliwa wapi.

Volkeno ipumuapo hutoa mvuke pamoja na hewa mbili zenye salfa: moja hunuka kama yai viza, ya pili hukereketa koo. Zikutanapo karibu na uso wa nchi hugeuzana, zikaacha maji na chembe za manjano kandokando ya ufa. Kwa hiyo mtafutaji stadi hafuati kila jiwe la volkeno. Hufuata tundu la pumzi yake.

Hapo ndipo Zombe inapokosa. Miamba yake mingi ni ya kale mno, iliyopikwa na kukunjwa chini ya ardhi miaka zaidi ya milioni 500 iliyopita. Upande wa magharibi uko uwanda wa Yatta, ambao kweli ni lava, urefu wake kilometa 300 hivi. Lakini lava hiyo ilitiririka kutoka mbali yapata miaka milioni 13 iliyopita, ikapoa zamani.

Matundu yenyewe yako Bonde la Ufa, kama kule Olkaria, ambako mvuke umeendesha mitambo ya umeme tangu 1981, na juu ya Kibo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sheffield na wa idara ya miamba ya Tanganyika walichunguza Kilimanjaro mwaka 1953 na 1957. Katika shimo la Reusch salfa huonekana. Lakini nani atateremsha magunia kutoka kimo kipitacho mita 5,700? Siku hizi salfa nyingi ya dunia hutolewa katika mafuta na gesi viwandani.

Mwenye jiwe na alijaribu. Salfa ni nyepesi, hukwaruzika kwa sarafu, na ikisuguliwa juu ya kigae cheupe haiachi alama nyeusi. Paraiti ni nzito, ngumu, na alama yake ni nyeusi. Ulanga hubanduka maganda membamba. Motoni salfa huyeyuka, ikawaka kwa ndimi za samawati. Harufu peke yake haitoshi, maana paraiti nayo hunuka hivyo ichomwapo. Tumia kipande kidogo, nje ya nyumba, ukisimama upande upepo utokako, kwani moshi huo hudhuru mapafu.