Wahandisi wa Migodi Ughaibuni (4): Kazi Bila Daftari

Tangu Australia ilipoanza kutoa viza yake mpya ya wenye ujuzi, Desemba 2024, wasomaji wa safu hii wananiuliza swali moja tu. Orodha ya kazi zinazohitajika huko ilianza na kada 456, mhandisi wa migodi yumo, na wahitimu wetu wa Dar es Salaam na Dodoma, wengine wakiwa wameshakaa miaka kadhaa katika migodi ya Geita, Bulyanhulu au North Mara, wanataka kujua wafanye nini ili nao wafike Perth. Habari za viza zenyewe tulizimaliza toleo lililopita, na za Bodi ya Usajili wa Wahandisi kabla ya hapo, kwa hiyo sirudii. Leo ni zamu ya kueleza namna Waaustralia wanavyompima mhandisi mgeni. Nitafika huko. Ila kwanza nipite kwa Herbert Hoover, ambaye nimekuwa nikimsoma tangu ujana wangu, na ambaye habari zake zinalifafanua jambo hili kuliko kijitabu chochote cha uhamiaji.

Wengi wanamkumbuka Hoover kama rais wa Marekani aliyekutwa ikulu na mdororo wa 1929. Kabla ya siasa alikuwa mhandisi wa migodi, tena aliyetafuta riziki yake mbali na kwao. Alizaliwa Iowa mwaka 1874, akawa yatima angali mtoto, akasoma jiolojia Chuo Kikuu cha Stanford, akahitimu 1895. Uchumi wa Marekani ulikuwa haujainuka tangu mtikisiko wa 1893. Kazi ya uhandisi hakuna. Kijana akaenda Nevada City, California, akashuka shimoni kusukuma vigari vya mawe, zamu ya usiku ya saa kumi, kwa dola 2 hivi kwa siku. Ndiyo, mwenye shahada. Leo nikimwambia mhitimu wetu aanze kwa kusukuma kigari, ananitazama kama niliyemtukana.

Ukanda ule wa California ulijaa wachimbaji kutoka Cornwall, kusini-magharibi ya Uingereza, na hapa lazima nisimame kidogo. Watu wa Cornwall walichimba bati na shaba kwa karne nyingi. Biashara ya shaba yao ilipoporomoka miaka ya 1860, walitawanyika dunia nzima wakiwa hawana mtaji mwingine zaidi ya ujuzi: Moonta na Kadina huko Australia Kusini, Michigan, baadaye Witwatersrand. Mexico walikuwa wamefika mapema zaidi, tangu miaka ya 1820, kufufua machimbo ya fedha ya Real del Monte, na hadi leo watu wa jimbo la Hidalgo, yaliko machimbo hayo, wanakula vile vibumunda vya nyama na viazi vya Cornwall, wakiviita kwa jina lile lile la wageni waliovileta. Ukitafuta mfano wa watu walioishi kwa kuuza ujuzi wa mgodi nchi za watu, ni hao.

Mkubwa wao ni Richard Trevithick, mtu wa mwanzo kuifanya injini ya mvuke wa shinikizo kubwa iburute mabehewa juu ya reli, mwaka 1804. Migodi ya fedha ya Cerro de Pasco, juu milimani Peru, ilikuwa imefurika maji, na pampu za kawaida zilikuwa nzito mno kupandishwa kule. Injini zake ndogo zenye nguvu zikapelekwa kwa meli, na mwaka 1816 akafuata mwenyewe. Akapokewa kwa heshima kubwa. Kisha vita vya uhuru wa Amerika ya Kusini vikaikumba migodi, malipo yakawa ahadi na haki za uchimbaji zisizouzika, na yeye akatangatanga hadi Costa Rica. Mwaka 1827 alikuwa Cartagena, hana nauli ya kurudia kwao. Aliyemwokoa ni kijana mhandisi mwenzake, Robert Stephenson, aliyekuwa akirudi Uingereza kutoka machimbo ya fedha ya Colombia. Alimpa pauni 50. Trevithick alikufa maskini, Dartford, mwaka 1833. Kwa mashine hakuwa na mfano, lakini mikataba, hesabu na kumbukumbu vilikuwa vitu asivyovipenda, na kitu usichokipenda hukifanyi vizuri. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ujuzi nao ni mali.

Turudi kwa Hoover. Alipotoka shimoni alikwenda San Francisco, ofisini kwa Louis Janin, mhandisi mshauri aliyeheshimika. Janin akamwambia hana nafasi ya mhandisi, anachohitaji ni mtu wa kunakili na kupiga chapa. Hoover akasema nipe hiyo hiyo. Kumbe kunakili ripoti za mabingwa ni shule. Unajifunza bingwa ameanza na nini, ameacha nini, amepima wapi na amepima mara ngapi, na mwisho amethubutu kusema nini. Haukupita muda akawa anatumwa migodini kama msaidizi. Mwaka 1897 kampuni ya London, Bewick, Moreing, iliyokuwa na machimbo ya dhahabu Australia Magharibi, ikamwomba Janin mtu anayezijua mbinu za Kimarekani. Walitaka mtu mzima wa miaka 35. Hoover alikuwa na 22. Husimuliwa kwamba alifuga ndevu njiani.

Kazi yake ya kwanza Coolgardie haikuwa kuchimba. Ilikuwa kukagua migodi na kuandika ripoti, akisafiri kwa ngamia katika joto na vumbi. Ripoti mojawapo ilishauri kampuni inunue mgodi wa Sons of Gwalia, karibu na Leonora. Wakanunua, na Mei 1898 wakampa ausimamie, akiwa na umri wa miaka 23. Namna alivyousimamia siisifu: aliongeza saa za kazi, akaingiza Waitaliano ili kupunguza gharama na kudhoofisha nguvu za wafanyakazi wenyeji. Mgeni kuitumia shida ya mgeni mwenzake ni aibu ya zamani, na bado ipo. Lakini jicho lake juu ya mwamba halikukosea. Gwalia ilichimbwa hadi 1963, ikalala, ikafufuliwa, na leo inachimbwa kwa kina cha zaidi ya mita 1,600. Yeye mwenyewe hata mwaka hakumaliza pale, akapelekwa China, na 1900 akajikuta ndani ya mji wa Tientsin uliozingirwa na waasi walioitwa Mabondia.

Kuna jambo moja la Hoover ambalo wanasiasa hulisahau. Yeye na mkewe, Lou Henry, ambaye naye alihitimu jiolojia Stanford, walikaa miaka wakitafsiri kutoka Kilatini kitabu cha Georgius Agricola juu ya migodi, kilichochapwa 1556, mwaka mmoja baada ya mwandishi kufa. Tafsiri ilitoka London 1912. Agricola alikuwa tabibu katika miji ya wachimbaji wa fedha, na kitabuni anataja elimu anazopaswa kuwa nazo mtu wa migodi: tabia ya ardhi, tiba, elimu ya nyota, upimaji, hesabu, ujenzi, uchoraji. Ya mwisho ni sheria. Sheria, mwaka 1556! Nawasihi walimu wa vyuo vyetu waisome orodha hiyo polepole.

Sasa twende Australia yenyewe, na nafasi imeshapungua.

Mwaka 1989 nchi sita, Australia, Kanada, Ireland, New Zealand, Uingereza na Marekani, zilitia saini Mkataba wa Washington wa kutambuliana shahada za uhandisi. Afrika Kusini iliingia 1999. Mwenye shahada ya nchi mwanachama kamili hupita njia fupi. Sisi hatumo katika uanachama huo, kwa hiyo mhandisi wetu hupimwa na chama cha Engineers Australia kwa ripoti ya umahiri. Ripoti hiyo ina masimulizi matatu ya kazi, kila moja la maneno kati ya 1,000 na 2,500, pamoja na jedwali linaloonyesha ni aya ipi inathibitisha umahiri upi, orodha ya mafunzo uliyojiendeleza kwayo, na matokeo ya mtihani wa Kiingereza.

Watu wetu hawaangushwi na Kiingereza. Wanaangushwa na masimulizi. Mpimaji anataka kuona uamuzi ulioufanya wewe, si kampuni. Ukiandika kwamba ulihusika na ulipuaji katika shimo la wazi, hujasema kitu. Ulipanga umbali gani kutoka tundu hadi tundu, na kwa nini? Kilo ngapi za baruti kwa kila mita ya ujazo ya mwamba? Mawe yalivunjika kwa ukubwa gani, na watu wa kinu walilalamika nini? Mlipuko uliofuata ulibadilisha nini? Aliye chini ya ardhi ataulizwa habari za hewa: handaki lilirefuka, moshi wa mashine za dizeli ukazidi, ulikokotoa vipi hewa ya kuongeza, feni uliichagua kwa vigezo gani? Hayo yote wahandisi wetu wameyafanya, na wengine wameyafanya vizuri ajabu. Ila hawakuyaandika. Baada ya miaka mitano mtu anabaki na barua ya ajira na picha amevaa kofia ngumu.

Na daftari hilo tunalo wenyewe! Mpango wa mafunzo ya vitendo kwa wahandisi wahitimu, unaoendeshwa na Bodi yetu tangu 2003, unamtaka mhitimu kwa miaka mitatu ajaze kumbukumbu ya kazi zake, msimamizi azipitie na kuweka saini. Nimeona madaftari ya aina hiyo yakijazwa usiku mmoja kabla ya ukaguzi, kalamu moja, mwandiko mmoja, miezi sita. Anayefanya hivyo anajiibia. Angeandika kila Ijumaa jioni nusu ukurasa wa tatizo, kipimo, uamuzi na matokeo, angekuwa na masimulizi yake tayari, na kwa faida zaidi angekuwa amejifunza kufikiri. Siri za mwajiri, yaani kiasi cha dhahabu katika mwamba au ramani za akiba, usizitoe nje ya mgodi. Hazihitajiki. Kinachohitajika ni hoja yako.

Kuhusu wale wanaouza ripoti zilizokwisha kuandikwa, nitasema mara moja. Engineers Australia hukagua wizi wa maandishi, na anayekamatwa hukataliwa na kufungiwa kuomba tena kwa muda. Hata asipokamatwa, siku ya usaili atakutana na meneja wa mgodi atakayemuuliza kuhusu feni ile, na feni hiyo haijui.

Kupita kwa Engineers Australia ni nusu ya safari. Usalama wa migodi kule husimamiwa na kila jimbo kwa sheria yake. Australia Magharibi ina Sheria ya 2020 na kanuni zake za migodi zilizoanza kutumika Machi 2022, na vyeo kadhaa vya usimamizi vinavyotajwa ndani yake havishikwi na mtu asiyefaulu mtihani wa sheria hizo. Agricola angecheka. Kwa hiyo mgeni, hata awe alikuwa mhandisi mwandamizi huku, mara nyingi huingia kwa cheo cha chini, kwenye mipango au upimaji, au hushuka chini ya ardhi na kikosi cha huduma kubeba mabomba na nyaya. Wahitimu wa kwao hupitia huko huko, na hakuna anayewacheka. Asiyekubali hilo na abaki nyumbani, ambako kanuni za 2018 za ushirikishwaji wa wazawa katika madini zinampa kipaumbele, na si haba.

Orodha ya viza pia si ajira. Oktoba 2024 kampuni ya BHP ilisimamisha shughuli zake za nikeli Australia Magharibi, baada ya nikeli ya Indonesia kufurika sokoni na bei kuanguka, na wahandisi wenyeji wenye vyeti vyote wakaingia sokoni kutafuta kazi siku moja na wewe. Dhahabu wakati huo huo ilikuwa inapanda. Angalia madini gani yana bei kabla ya kulipia ada yoyote, na uombe migodi inayochimba kwa njia unayoijua. Aliyekaa Bulyanhulu ana la kusema Kalgoorlie, kwa sababu huko pia kuna migodi inayofuata mishipa ya dhahabu chini ya ardhi. Aliyekaa shimo la wazi peke yake atapata shida kidogo katika migodi ya aina hiyo.

Kanada nimeibania. Mei 2023 chombo cha kusajili wahandisi cha Ontario kiliondoa sharti la mwaka mmoja wa uzoefu wa Kanada, lililokuwa limewafungia mlango wageni wengi, lakini miezi 48 ya uzoefu bado inadaiwa, na inadaiwa kwa maandishi. Toleo la tano litakuwa la Ontario na Sudbury. Watakaoniandikia kabla ya hapo waniambie kama wamefanya kazi chini ya ardhi au shimo la wazi, na ni nani aliyetia saini kwenye madaftari yao.